Kufika hoteli usiku Bunia: kanuni ipi ni ya serikali, ipi ni ya nyumba, na msafiri afanye nini

Msafiri akifika Bunia kwa kuchelewa, mara nyingi taabu yake haiishi pale gari linaposimama. Kwenye mlango wa hoteli anaweza kuambiwa kwamba chumba alichochungiwa kimepewa mtu mwingine, kwamba mlango unafungwa saa tatu ya usiku, ao kwamba kuingia saa ile kunalipiwa juu ya bei. Kwa mtu mwenye mizigo na watoto, anayetafuta pa kulala Ngezi ao kartie ya jirani, usiku si wakati wa kuzunguka mlango kwa mlango.

Kanuni zingine zina maana yake, na zingine zimezidi. Makala hii inaeleza namna ya kuzitofautisha, maneno ya kupatana mbele ya safari, na jambo la kufanya ukikuta mlango umefungwa.

Kwa nini watu wengi wanafika usiku

Bunia ni mji mkuu wa jimbo la Ituri, na barabara zinazoingia mjini hazimpatii mtu saa ya kufika. Anayetoka Beni anapita Oicha, Eringeti na Luna, halafu Komanda, mji ulio kilometa zipatazo 75 kutoka Bunia. Kati ya Luna na Komanda, kwenye barabara ya taifa nambari 4, magari yamekuwa yakisindikizwa na jeshi katika konvoi juu ya mashambulizi ya waasi. Konvoi haiondoki wakati dereva anapotaka. Inaondoka pale askari wanapotoa ruhusa, na gari moja likikwama kwenye tope, yote yanangoja.

Anayetoka Mahagi kwa barabara ya nambari 27 anapita Djugu na Iga-Barrière, kisha anakuta bariere moja nyuma ya nyingine. Anayetoka Mongbwalu ana kilometa zipatazo 85 za njia ambayo mvua moja inaweza kuigeuza siku nzima. Na wale wanaovuka Ziwa Albert kuja Kasenyi ao Tchomia wanategemea upepo na injini ya mtumbwi.

Kwa hiyo kuchelewa si uvivu wa msafiri. Ni hali ya njia, na kila mwenye hoteli mjini anaijua.

Saa: pale kosa linapoanzia

Mabishano mengi ya resepsioni yanatokana na saa, mbele hata ya kufika kwenye feza.

Kwanza, Kongo ina saa mbili. Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa, na Uganda iko saa moja mbele ya Bunia. Ikiwa Bunia ni saa nne ya usiku, Kinshasa ni saa tatu, Kampala ni saa tano. Mtu aliye Kinshasa akimpigia simu mwenye hoteli wa Bunia na kusema "ndugu yangu atafika saa tatu", lazima aseme ni saa tatu ya wapi. Vilevile mtu wa Bunia anayekwenda Kampala akiambiwa hoteli inafunga saa nne, akumbuke kwamba saa ile kwake Bunia itakuwa bado saa tatu. Simu nayo inaweza kudanganya: karibu na mpaka inaweza kushika rezo ya upande wa pili na kubadilisha saa yenyewe.

Pili, kuna saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa. "Saa kumi" kwa mmoja ni alasiri, kwa mwingine ni dix heures ya asubuhi. Dawa yake ni ndogo: sema saa, sema sehemu ya siku, kisha taja na namba. "Saa nne ya usiku, ndiyo 22:00." Hapo hakuna wa kukosea.

Tatu ni tarehe. Mtu anayefika saa nane ya usiku, ndiyo 02:00, amekwisha kuingia siku mpya, lakini kwa hoteli anatumia usiku wa siku iliyopita. Kama anangojewa usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, aseme hivyo hivyo. Akisema "nakuja Jumatano", chumba kitachungwa kuanzia Jumatano mchana, na saa nane ya usiku ataambiwa alipe usiku mbili.

Kanuni za aina mbili

Kwenye mlango, maneno yote yanasemwa kwa sauti moja: "Ni kanuni." Lakini kanuni si za aina moja.

Za kwanza zinatoka kwa serikali. Hoteli inatakiwa kumjua nani analala ndani. Ndiyo maana msafiri anajaza fishi na kuonyesha karte. Kwa Mkongomani, karte ya mpiga kura inayotolewa na CENI ndiyo inayotumika kama kitambulisho cha muda. Mgeni kutoka nchi nyingine anaonyesha paspoti na viza, na watu wa DGM, ofisi ya uhamiaji, wanaweza kuomba majina ya wageni. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, yaani état de siège, tarehe 6 Mei 2021, pamoja na Kivu ya Kaskazini. Serikali ikikataza watu ao pikipiki kutembea kupita saa fulani, resepsionisti hana nguvu ya kubadilisha. Saa hizo huweza kubadilika, kwa hiyo ziulizwe siku ile ile ya safari.

Za pili zinatoka kwa mwenye nyumba: saa ya kufunga mlango, saa ya kuzima jenereta, saa ya kupoteza chumba, nyongeza ya usiku, kukataa mama aliye peke yake. Hizi zimewekwa na mtu, na mtu anaweza kuzilegeza. Hapo ndipo pa kuzungumza.

Swali moja linatosha kuzitenganisha: "Hii ni ya serikali ao ni ya hoteli?" Ukiuliza kwa heshima, wafanyakazi wengi watakujibu ukweli.

Kanuni ya saa kumi na mbili ya jioni ilitoka wapi

Hoteli nyingi duniani zina desturi ya kuchunga chumba kisicholipiwa hadi saa kumi na mbili ya jioni (18:00), kisha kukitoa kwa mtu mwingine. Sababu yake inaeleweka. Chumba kinachobaki tupu usiku mmoja ni feza iliyopotea, haiwezi kuuzwa kesho. Mwenye hoteli asiye na avansi hana hakika kama yule aliyepiga simu kweli anakuja.

Lakini desturi ile ile ina upande wa pili, ambao mara nyingi unasahauliwa: chumba kilicholipiwa huchungwa usiku mzima. Msafiri amekwisha kununua usiku ule. Akifika saa mbili ya usiku ao saa nane, chumba ni chake mpaka saa ya kutoka, ambayo kwa hoteli nyingi ni saa sita ya mchana. Kushika nusu ya kwanza ya desturi na kutupa nusu ya pili, ndiyo mwanzo wa dhuluma.

Ipi ni ya haki, ipi imezidi

*Kufunga mlango saa fulani.* Ni ya haki, kama imesemwa mbele. Bunia imepitia vita na wizi wa usiku, na sentineli hawezi kuacha lango wazi. Lakini kufunga lango ni jambo moja, kukataa kumfungulia mtu aliyesema atachelewa ni jambo lingine.

*Kumpa mwingine chumba kisicholipiwa.* Ni ya haki, kama saa ya mwisho ilisemwa. Hata hivyo, kupiga simu moja mbele ya kukitoa ni adabu.

*Kumpa mwingine chumba chenye avansi, usiku ule ule.* Imezidi, isipokuwa msafiri aliambiwa wazi saa ya mwisho na akakubali. Hoteli ikishindwa kabisa, irudishe avansi yote na imtafutie mgeni mahali pengine.

*Nyongeza ya kuingia usiku.* Kama ilitajwa wakati wa kupatana bei, ni sehemu ya bei. Kama imezaliwa pale mlangoni saa tano ya usiku, hapana.

*Kulipisha usiku mbili mtu aliyefika saa nane ya usiku.* Kama alipanga usiku huo, analipa moja. Kama alipanga siku inayofuata na anataka kulala mbele ya saa sita ya mchana, mwenye hoteli ana haki ya kuomba kitu, na wengi wanakubali nusu bei.

*Kukataa mama aliye peke yake, ao kumwomba barua ya mume.* Imezidi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikulo 14, inaagiza serikali kuondoa ubaguzi wa kila namna juu ya wanawake. Ile ruhusa ya mume iliyokuwa katika Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 kwa matendo ya kisheria ilibadilishwa na sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Mama ana karte yake, na karte hiyo inamtambulisha sawa na ya mwanaume.

*Kukataa noti ya dola iliyopasuka kidogo.* Si kanuni ya hoteli peke yake. Ni tabia ya soko lote la Kongo. Kubishana hakusaidii usiku. Msafiri atembee na noti nzima, ao franga, ao salio kwenye simu.

Sheria inasema nini

Kongo inatumia bado dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano. Artikulo yake ya 33 inasema kwamba patano lililofanywa kwa njia halali ni sheria kwa wale waliolifanya, na kwamba linapaswa kutimizwa kwa nia njema. Haichagui kati ya kiwanja, ng'ombe na chumba cha usiku moja.

Maana yake kwa msafiri ni hii. Kitu kilichosemwa na kukubaliwa wakati wa kuchunga chumba kinafunga pande zote mbili. Kama uliambiwa "mwisho saa tatu" na ukakubali, kisha ukafika saa tano bila simu, huna la kulaumu. Lakini kanuni iliyobandikwa ndani ya resepsioni, ambayo hukuiona na hukuambiwa wakati wa kutuma avansi, haikuwa sehemu ya patano. Hoteli haiwezi kuichomoa usiku kama kisu.

Na nia njema inakwenda pande mbili. Msafiri aliyekwama Komanda na ana rezo, akinyamaza tu, naye hajatimiza yake.

Mbele ya kuondoka: simu ya dakika tatu

Simu hii ndiyo inayookoa usiku. Ipigwe siku moja mbele, na izungumzwe na mtu mwenye mamlaka, yule ambaye watu wanamwita jeran, si na yeyote aliyeshika simu. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Mama, jambo. Minatoka Beni kesho, minakuja na konvoi. Ninaweza kufika saa ine ya usiku, 22:00, ao hata saa tano. Munichungie chumba, usiku wa kesho. Mulango munafunga saa ngapi? Nikichelewa, nani atanifungulia? Bei ni ile ile, ao usiku munaongeza? Munitumie yote kwa mesaji, pamoja na namba ya ule mwenye atakuwa zamu."

Kisha avansi. Wengi Bunia wanatuma kwa Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money, na uzuri wake ni kwamba mesaji ya simu inabaki kama resi: jina, kiasi, siku na saa. Isifutwe. Kabla ya kutuma, ulizwe swali moja la mwisho: "Nisipofika, avansi inarudi, inangoja, ao inapotea?" Jibu lolote ni sawa ikiwa limejulikana mbele.

Mesaji nzuri ya hoteli ni fupi: chumba kimoja, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, bei, avansi imepokelewa, mlango utafunguliwa hadi saa fulani, na namba ya mtu wa zamu. Hoteli ikikataa kuandika hayo, msafiri amepata habari muhimu wakati bado ni mchana.

Njiani, simu ya pili ipigwe pale mtu anapojua kwamba atachelewa, si pale amekwisha kuchelewa. Kwa anayetoka upande wa Beni, Komanda ni mahali pazuri. Simu iwe na moto wa kutosha, na namba ya hoteli iandikwe hata kwenye karatasi.

Kwenye mlango, usiku

Mlango ukikutwa umefungwa, kanuni ya kwanza ni hii: usiku unatafuta usingizi salama, haki inatafutwa asubuhi.

1. Mtu wa taksi ao wa moto asiachwe aondoke mpaka mlango ufunguliwe. Kumlipa kidogo kwa kungoja ni bei rahisi kuliko kubaki peke yako barabarani.

2. Sentineli asipigwe makelele. Yeye hakuandika kanuni, na akifungua bila ruhusa anaweza kupoteza kazi. Aombwe: "Papa, pole na kazi. Minajua si weye unakatala. Nisaidie tu, uite jeran kwa simu."

3. Jeran akipatikana, aonyeshwe ao asomewe mesaji na resi ya avansi. Maneno machache, sauti ya chini.

4. Kama chumba kimetolewa, ombwa kitu kingine: chumba cha bei ingine, kiti cha resepsioni hadi asubuhi, ao jeran mwenyewe apigie hoteli ya jirani. Mwenye hoteli akipigia mwenzake, mlango unafunguka haraka kuliko mgeni akigonga.

5. Wakiomba nyongeza ambayo haikupatanwa, na hakuna mahali pengine pa kulala, inaweza kulipwa, lakini kwa resi iliyoandikwa kwamba ni "nyongeza ya usiku", pamoja na jina la aliyepokea. Kulipa hivyo si kukubali kwamba ni haki. Ni kuchunga ushahidi.

6. Karte ikiwa imepotea njiani, isemwe tangu kwenye simu. Karatasi ya upotevu inayotolewa na serikali inasaidia, na nakala ya karte kwenye simu inaweza kumtuliza resepsionisti mpaka asubuhi.

Ni vema pia kuwa na mahali pa pili pa akiba: ndugu, rafiki, ao nyumba ya wageni ya kanisa. Lakini nyumba za makanisa mara nyingi zinafunga mapema kuliko hoteli, kwa hiyo nazo zipigiwe simu mchana.

Asubuhi: kudai kwa utaratibu

Asubuhi, mtu aliyelala ana nguvu ya kuzungumza. Aanze na jeran, kisha mwenye hoteli. Adai kitu kimoja kinachohesabika: avansi irudishwe, ao nyongeza ya usiku itolewe kwenye fakitire. "Mulinitesa" ni maneno ya kweli lakini hayana bei. "Murudishe ile nyongeza" yana bei.

Wakikataa, shefu wa kartie anaweza kuwaita pande mbili na kuwapatanisha, na kwa mambo ya feza kidogo njia hiyo ni ya haraka zaidi. Ofisi ya utalii ya jimbo nayo inahusika na kazi ya hoteli. Tribinali ya amani ni hatua ya mwisho. Kwa bei ya usiku moja, gharama na siku za kwenda na kurudi zinaweza kupita kile kinachodaiwa. Kwa shirika ao kundi lililopoteza vyumba vingi, hesabu ni nyingine.

Kwa wenye hoteli

Kanuni ya kuchelewa ikiwa wazi inamsaidia pia mwenye nyumba. Mgeni anayejua mlango unafungwa saa ngapi anapiga simu mapema. Asiyejua anagonga saa sita na kuamsha wateja wote. Mambo matano yanatosha, yaandikwe ukutani na yatumwe kwa mesaji kila avansi inapoingia:

- Chumba kisicholipiwa kinachungwa hadi saa gani.
- Chumba chenye avansi kinachungwa usiku mzima ao hadi saa gani.
- Mlango unafungwa saa gani, na namba ya mtu wa zamu.
- Kama kuna nyongeza ya usiku, ni kiasi gani.
- Avansi inarudi lini na inapotea lini.

Sentineli apewe kila jioni karatasi yenye majina ya wageni ambao bado hawajafika. Bila karatasi hiyo, kila anayegonga ni mtu asiyejulikana, na jibu lake litakuwa lile lile: "Tumekwisha kufunga." Akiwa nayo, anauliza jina, anatazama orodha, anafungua.